Nani Alisema Hatukujua Kusoma?

Alhamdulillah, Mola ametujaalia kuifikia Ramadhan nyengine. Wangapi tulifuturu nao mwaka jana na leo hawapo? Basi tumshukuru Allah (S.W.T.) kwa neema hii, na tutumie saa zake kwa jambo la maana. Mimi leo nataka tuzungumze juu ya kusoma. Si kusoma kwa mtihani tu. Kusoma kwenyewe, jinsi kulivyoingia kwetu, jinsi kulivyotutoka mikononi, na vipi tutakurudisha.

Nianze na kisa cha nyumbani kwetu. Nyanya yangu, Allah amrehemu, alikuwa akisoma msahafu kila alfajiri, na barua za ndugu zake wa Lamu akiziandika kwa mkono wake mwenyewe. Kiswahili kitupu, lakini kwa herufi za Kiarabu. Alikuwa akiuza leso kwa mkopo, na daftari la madeni liko chini ya mto wake. Siku moja akaenda ofisi fulani kufuata karatasi zake. Karani akamuuliza, "Mama, unajua kusoma na kuandika?" Akajibu, "Naam, najua." Akapewa kalamu atie sahihi. Akatia, kutoka kulia kwenda kushoto. Karani akaangalia, akacheka, akamwambia, "Hii si kuandika, mama. Weka kidole."

Akaweka kidole. Tangu siku hiyo, katika hesabu za serikali, nyanya yangu akawa mtu asiyejua kusoma.

Kisa hiki alikuwa akikisimulia kwa kucheka, lakini mimi kimenikaa moyoni miaka mingi. Ilikuwaje watu wenye vitabu, wenye vyuo, wenye makadhi na washairi, wakaja kuambiwa ni watu wa nyuma katika elimu? Je, ni makosa ya karani peke yake? Au na sisi tuna letu? Hebu tufuatane pole pole, ndugu yangu, tutazame historia bila ya kujipendelea na bila ya kujidharau.

AMRI YA KWANZA

Wewe na mimi tunajua kuwa wahyi wa mwanzo ulishuka katika mwezi kama huu, katika pango la Hira, na neno lake la kwanza lilikuwa ni amri ya kusoma. Tumelisikia katika mawaidha mpaka tumelizoea, kama mtu aliyezoea mlio wa saa ya ukutani akawa haisikii tena. Lakini fikiria: amri hii ilimjia Mtume (S.A.W.) ambaye hakuwa akisoma wala kuandika, katika mji ambao wenye kujua kuandika walikuwa wa kuhesabika.

Kisha njoo Ramadhan ya mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624. Siku ya kumi na saba Waislamu walipigana Badr, wakashinda, wakarudi Madina na mateka. Mateka wenye mali walijikomboa kwa mali. Na wale wasiokuwa na kitu, lakini wanajua kuandika? Imepokewa kuwa fidia yao ilikuwa ni kuwafundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Na imepokewa kuwa miongoni mwa vijana waliofundika kwa njia hiyo ni Zayd bin Thabit (R.A.), yule yule aliyekuja kupewa kazi ya kuikusanya Qur'an wakati wa Sayyidna Abubakar (R.A.).

Pima jambo hili vizuri. Walimu hawa hawakuwa Waislamu. Walikuwa jana tu wameshika panga dhidi ya Waislamu. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) hakusema herufi zao ni haramu kwa kuwa mikono yao ni ya makafiri. Alijua tofauti baina ya elimu na itikadi ya anayeifundisha. Shika hoja hii, manake tutairudia.

CHUO CHA MTAANI

Katika pwani yetu, kusoma kulianza chuoni. Huko hakukuwa na kengele wala yunifomu. Mwalimu aliketi barazani kwake au pembeni mwa msikiti, watoto wamemzunguka, kila mtoto na ubao wake. Mtoto alianza alifu kwa kijiti, akipitisha kijiti juu ya herufi moja moja, akaunganisha, akasoma juzuu Amma, akaendelea mpaka akahitimu. Siku ya kuhitimu ilikuwa ni sherehe ya mtaa mzima. Na mwalimu alilipwa kidogo kidogo, kwa ada ya Alkhamisi na kwa hisani za wazazi.

Kutoka katika vyuo hivyo walitoka watu wa kalamu kweli kweli. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilijulikana kwa waandishi walionakili misahafu kwa mkono, wakaipamba. Katika Pate hiyo hiyo, Bwana Mwengo aliandika Utendi wa Tambuka, na mwaka unaotajwa ni 1728. Hiyo ni zaidi ya miaka mia moja kabla ya mmishenari Krapf kutia mguu Mombasa. Na wale wanaodhani kuwa mwanamke wa Kiislamu alifungiwa kalamu, wamuulize Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka wa Siyu. Kiasi cha mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye utendi wa nasaha ambao mpaka leo unasomwa katika vyuo vikuu vya dunia.

Mombasa nayo ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyefariki kiasi cha 1840. Mashairi yake mengi yangezikwa naye lau si Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa herufi za Kiarabu. Baadaye mmishenari W. E. Taylor akashirikiana naye kuyahifadhi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na maneno vile vile.

Lakini nilisema tusijipendelee. Chuo kilikuwa na mapungufu yake. Watoto wengi walijifunza kuitamka Qur'an bila ya kufahamu maana, wakaishia hapo. Na elimu ya juu, ya fiqhi na nahau, katika miji mingi ilibaki kwa koo chache. Mtumwa na mtoto wa mtumwa hawakukaribishwa sana katika darsa za mabwana. Aliyevunja ukuta huo Lamu ni Habib Swaleh bin Alwy Jamalilleyl, mtu aliyekuja kutoka Ngazija. Yeye aliketi na wanyonge, akawafundisha waliokuwa wakidharauliwa, na mwanzoni mwa karne ya 20 msikiti wake wa Riyadha ukawa chuo kikubwa kilichovuta wanafunzi kutoka sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1935. Ukienda Maulidi ya Lamu, kumbuka kuwa zaidi ya matwari na zafa, pale pana historia ya mtu aliyesema kwa vitendo: elimu haina mwenyewe.

SHULE ZILIPOKUJA

Mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka 1846 yeye na mwenzake Rebmann wakaweka kituo chao Rabai. Katika miaka ya 1870 wamishenari wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Katika vituo hivi palikuwa na kanisa, na ubavuni mwa kanisa palikuwa na shule. Serikali ya kikoloni ilipokuja, kwa muda mrefu iliwaachia wamishenari kazi ya kusomesha Waafrika, manake ilikuwa rahisi kwake kuliko kujenga shule zake.

Sasa jiweke katika viatu... la, jiweke katika makubadhi ya mzazi wa Kiislamu wa wakati ule. Shule iliyo karibu ni ya kanisa. Mtoto akiingia atasomeshwa Biblia, huenda akabadilishwa jina. Wewe ungefanyaje? Wazee wetu walihofu, na hofu yao ilikuwa na msingi. Wakawazuia watoto wao. Kwa kuilinda dini ya mtoto wakamkosesha shule, na hawakuwa na shule nyengine ya kumpeleka.

Mwaka 1912 serikali ilifungua shule ya Waarabu Mombasa. Lakini mkoloni aligawa shule kama alivyogawa mitaa na hospitali: za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na kila mmoja na kipimo chake. Mswahili akajikuta katikati, leo anaambiwa huyu ni Mwarabu, kesho anaambiwa la, ni Mwafrika. Badala ya kupigania shule bora kwa wote, nguvu nyingi zikaishia katika kugombania jina la kabila litakaloandikwa katika karatasi. Na Mijikenda Mwislamu wa bara ya Kwale au Kilifi yeye hakuulizwa hata jina.

Kisha likaja jambo la herufi. Herufi za Kilatini zilishika mashule, maofisi na mitambo ya kuchapisha. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili katika nchi za Afrika Mashariki. Lahaja ya Unguja ilikuwa imeshachaguliwa kuwa msingi, na vitabu vyote vya shule vikawa kwa Kilatini. Tuseme haki: kwa uchapishaji, Kilatini kilikuwa chepesi, na herufi za Kiarabu peke yake hazikuwa na nafasi ya kutosha kwa sauti kama p, ch na g bila ya kuongezewa alama. Kosa halikuwa kuleta herufi mpya. Kosa lilikuwa kuifanya ile ya zamani kana kwamba haikuwahi kuwapo. Kwa siku moja, mwalimu wa chuo aliyesoma miaka ishirini akawa sawa na mtu ambaye hajashika kalamu. Karani wa nyanya yangu hakuizua dharau ile. Aliirithi.

SHEIKH ALIYEZUNGUMZA NA PANDE MBILI

Katika mashaka hayo alisimama mtu mmoja ambaye kila kijana wa Kiislamu wa Kenya anapaswa kumjua. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alisoma kwa masheikh wa hapa na wa Unguja, na akawa akifuatilia maandishi ya wanazuoni wa Misri kama Muhammad Abduh na Rashid Rida. Mwaka 1930 alianzisha gazeti dogo aliloliita As-Sahifa, na mwaka 1932 akatoa Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huo akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, mpaka alipofariki mwaka 1947.

Alisema nini huyu sheikh? Aliwageukia wazee akawaambia kuwa kumnyima mtoto elimu ya zama zake si ucha Mungu. Alitetea kusomeshwa kwa watoto wa kike, wakati ambapo jambo hilo lilikuwa likiwakera wengi. Kisha akawageukia vijana waliokuwa wamesoma shule za Wazungu akawaambia kuwa suruali na sigara si elimu, na kwamba wanaiga maganda wakaacha tunda. Pande zote mbili zilikasirika. Mtu akikasirikiwa na pande mbili, aghalabu yuko karibu na haki.

Na tazama njia aliyoitumia: gazeti. Aliandika kwa lugha ambayo mchukuzi wa bandarini na mwenye duka wataielewa. Ikiwa mmoja tu katika baraza anajua kusoma, anawasomea wenziwe, wanabishana, wanakwenda nyumbani na jambo la kufikiri. Makala yake yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi, mwaka 1944. Sheikh alijua kuwa huwezi kuamsha umma ambao hausomi.

KIJANA ALIYEPATA DARAJA LA TATU

Baada ya vita vikuu vya pili, kilio cha Waislamu kuhusu elimu kilizaa chuo cha ufundi Mombasa, Mombasa Institute of Muslim Education, watu wakakiita MIOME. Walichangia Aga Khan, Sultan Khalifa bin Harub wa Zanzibar, jamaa wa Kibohora, na serikali ya Uingereza. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Walisomeshwa ufundi wa umeme, wa mbao, na ubaharia. Mwaka 1966 kikawa Mombasa Technical Institute, mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic, na mwaka 2013 kikawa Technical University of Mombasa. Ukipita Tudor ukaona wanafunzi wa kila kabila na kila dini wakiingia na kutoka, ujue pale palianza na mchango wa Waislamu. Kuna wanaolalamika kuwa "tulinyang'anywa". Mimi nasema: sadaka inayoendelea haibagui. Swali la kujiuliza ni kwa nini baada ya MIOME hatukujenga ya pili.

Na hapo MIOME pana kisa kingine. Sheikh Al-Amin aliacha mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1933. Kijana huyo alifanya mtihani wa Cambridge akapata daraja la tatu, matokeo mabaya, yasiyoweza kumpeleka Makerere. Akaajiriwa kazi MIOME. Siku moja katika hafla ya Maulidi akatoa hotuba, na Gavana Sir Philip Mitchell alikuwapo akisikiliza. Hotuba ile ndiyo iliyomfungulia njia ya kupelekwa Uingereza kusoma upya. Kijana huyo ni Profesa Ali Mazrui. Alirudi akawa profesa katika Makerere ile ile ambayo matokeo yake hayakuweza kumfikisha, na alipofariki mwaka 2014 dunia nzima ilimlilia, akaletwa kuzikwa Mombasa.

Watu husimulia kisa hiki kama bahati. Mimi nakiona vyengine. Daraja la tatu halikumaliza habari yake kwa sababu alikulia katika nyumba yenye vitabu, na katika mji ambao ulikuwa na jukwaa la kijana kusimama akasema. Ni watoto wangapi wa Majengo, wa Kisauni, wa Eastleigh, wa Garissa, waliopata daraja la tatu na hawakuwa na nyumba yenye kitabu wala jukwaa? Hao hatutajua majina yao.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulifungua milango. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilipinga kugawa shule kwa rangi. Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza mpaka la nne ikaondolewa, ingawa michango ya majengo ikaingilia dirishani. Mwaka 1979 ikaanza kampeni ya kufuta ujinga kwa watu wazima, masomo ya ngumbaru, na mama wengi wakajifunza kuandika majina yao kwa Kilatini. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, masomo mengi na siku ndefu. Hapo ndipo mvutano wa shule na madrasa ulipozidi. Mtoto anatoka shule amechoka, anakimbilia madrasa, usiku ana kazi ya shule, Jumamosi tuisheni. Wazazi wengine wakaacha madrasa, wengine wakaacha shule. Wote wamepoteza.

Walikuwapo waliokataa kuchagua. Mwaka 1986, Liwatoni, Mombasa, ilifunguliwa shule ya chekechea ya madrasa ya aina mpya, baada ya viongozi wa Kiislamu kuomba msaada wa Aga Khan. Mwalimu aliyekuwa mbele katika kazi hiyo ni Bi Swafiya Said. Fikra ilikuwa nyepesi: mtoto mdogo asome dini yake na ajiandae kwa shule pahali pamoja, afunzwe na akina mama wa mtaa wake waliopewa mafunzo, kwa vifaa vinavyopatikana hapo hapo, vifuu, makombe na maboksi, na kamati ya mtaa ndiyo iwe mwenye shule. Mpango ulienea Zanzibar na Uganda. Haukuanza kwa jengo la ghorofa. Ulianza kwa mama wa mtaa aliyefundishwa namna ya kumfundisha mtoto.

Na kaskazini? Mwaka 1996 maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia. Ngamia mmoja amebeba masanduku ya vitabu, mwengine hema. Hema linapigwa, mkeka unatandikwa, watoto wanasoma. Siku nyengine tunaposema "hatuna jengo la maktaba", tukumbuke ngamia.

Mwaka 2003 elimu ya msingi ikawa bure nchi nzima. Watoto wakaongezeka kutoka kiasi cha milioni 5.9 mpaka milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaandika wazi kuwa elimu ya msingi bila malipo na ya lazima ni haki ya kila mtoto. Basi hofu za babu zetu zimeondoka: shule si ya kanisa, karo imeondolewa, na somo la dini yetu linatahiniwa. Tatizo limebaki wapi?

YUKO DARASANI, LAKINI ANASOMA?

Tatizo limebaki hapa. Shirika la Uwezo lilianza mwaka 2009 kuwapima watoto nyumbani kwao, na katika ripoti zake za mwanzo ikaonekana kuwa katika watoto kumi wa darasa la tatu, ni kiasi cha watatu tu wanaoweza kazi ya darasa la pili. Viti vimejaa, kusoma hakujaingia. Serikali nayo ikaanza mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015: kila mtoto wa darasa la kwanza na la pili apate kitabu chake mwenyewe cha Kiswahili na cha Kiingereza, na maafisa wa elimu wa eneo watembelee madarasa, waketi nyuma wamsikilize mwalimu, kisha wamshauri. Somo la mpango ule ni moja: mtoto hasomi kwa kitabu cha kushirikiana watu watano, na mwalimu naye anahitaji mtu wa kumshika mkono.

Kaskazini pakaongezeka msiba. Novemba 2014 watu 28 waliuawa katika basi Mandera, wengi wao walimu. Aprili 2, 2015 wakauawa watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa. Walimu wengi kutoka kwengine wakaondoka, na madarasa yakabaki na watoto bila mwalimu. Waliofanya hivyo walidai dini. Dini ipi? Mtume (S.A.W.) alimwacha huru mshirikina kwa sababu amefundisha watoto kumi kuandika. Hawa wamemuua anayefundisha watoto hamsini.

Nami nimeliona tatizo hili kwa macho yangu. Ramadhan moja niliketi na watoto wa madrasa mtaani baada ya Alasiri. Palikuwa na kijana mmoja wa darasa la sita, mashallah, amehifadhi juzuu tano, sauti yake inatoa machozi. Nikampa kitabu cha hadithi cha Kiswahili, kurasa ishirini na picha. Akaanza kuchonga silabi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Wenziwe wakacheka. Akafunga kitabu.

Kichwa hakina kasoro, kichwa kilichobeba juzuu tano. Nilipomuuliza nyumbani kuna vitabu gani, akasema msahafu, na daftari za shule. Hajawahi kupewa kitabu akaambiwa, nenda nacho, soma, urudishe. Tukakubaliana nusu saa kila siku, mimi na yeye, bila ya watu. Mpaka Idd ya Mfunguo Tatu alikuwa amemaliza vitabu vinne. Sikufanya ajabu yoyote. Nilikaa tu.

SASA WEWE KIJANA

Tusidanganyane. Ni rahisi kuandika juu ya mkoloni, na ni rahisi kuilaumu serikali. Haki yetu tuidai, na anayehusika tumuulize. Shule za chekechea ziko mikononi mwa serikali za kaunti, basi nenda kwenye kikao cha bajeti useme, usingoje kulalama barazani. Lakini kuna sehemu ambayo hakuna atakayetufanyia.

Kwanza, madrasa yako iwe na rafu ya vitabu. Vitabu thelathini tu, vya Kiswahili na Kiingereza, vinavyosomeka. Na daftari la kuazima. Bei yake haifiki bei ya futari moja ya kuringishiana.

Pili, nusu saa. Kila kijana aliyemaliza sekondari achukue mtoto mmoja, amsikilize akisoma kwa sauti. Mateka wa Badr alipewa kumi, wewe nakupa mmoja. Saa unazokaa maskani na muguka zinatosha na kubaki.

Tatu, msimamizi wa madrasa na mwalimu mkuu wa shule wajuane. Wapange saa, wasigombanie mtoto kama kamba ya kuvutana.

Nne, dada zetu. Tusimtaje Mwana Kupona jukwaani kisha tukamtoa binti shuleni ili aolewe.

Tano, wazee wetu wanaojua herufi za Kiarabu, tukae nao kabla hawajaondoka. Barua, tendi, hati za mashamba, ziko katika masanduku na mchwa anazisoma kabla yetu.

Nyanya yangu alipofariki tulilikuta daftari lake chini ya mto, pahali pake. Wajukuu tuliosoma, tuliofika chuo kikuu, tukalifungua tukatazamana. Hakuna aliyeweza kulisoma vizuri. Ilibidi tumwite mwalimu mmoja mzee wa mtaani, akatusomea jina moja moja: fulani ana deni, fulani amelipa, fulani nimemsamehe. Siku hiyo nilifahamu kuwa kumbe na sisi ni wenye kuweka kidole.

Mola atukubalie saumu zetu, awarehemu walimu wetu waliotangulia, na awajaalie watoto wetu wawe wasomaji wa Kitabu chake na wa vitabu. Ukishafunga jarida hili, usiliweke. Mpe mtoto aliye karibu nawe, mwambie akusomee ukurasa mmoja. Msikilize.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.